Msimu wa mlima na Jumapili zinazopita: mtu anakaaje karibu na Mungu?

Mgumu wa Marangu (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa wenye uelewa, hasa walioko Moshi na Arusha wanaoijua kazi yetu.

Kuanzia Juni hadi Oktoba, halafu tena Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, sisi wapagazi (ndio tunaoitwa wagumu), wapishi na waongoza watalii ni kupanda na kushuka Kilimanjaro. Njia ya Machame ni siku sita au saba. Unashukia geti la Mweka, unalala nyumbani usiku mmoja au miwili, unaitwa tena. Wenzetu madereva wa Arusha nao ni hivyo hivyo: Tarangire, Serengeti, Ngorongoro, wiki imekwisha. Jumapili nne zinaweza kupita mtu hajaingia kanisani. Jumuiya wanampigia, simu haipatikani. Mwisho sala inabaki ile ya kubariki chakula, au ya kuomba msaada mtu akizidiwa huko juu.

Naomba tusiishie kwenye "omba sana, Mungu yupo". Hilo tunaliamini. Ninachouliza ni hiki: asome nini, kiasi gani, saa ngapi? Afunge au asifunge? Afanye nini anapoomba na moyo umekauka kabisa? Na akishashuka, aanzie wapi?

---

Mwinjilisti Machame

Amina, ndugu yangu. Wengi wanaopoa msimu ukikolea hawajamkataa Mungu. Walikuwa wanabebwa na ratiba ya nyumbani: ibada ya saa moja asubuhi, kwaya, jumuiya, mama anayegonga mlango akisema amka tusali. Ratiba hiyo ikiondoka, wanakuta chini yake hakukuwa na kitu chao wenyewe. Kwa hiyo kabla ya geti la Machame, mtu awe na utaratibu wake mdogo, unaoweza kufanyika hata mvua ikinyesha.

Mdogo kweli. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni. Anayepanga saa nzima ataifanya siku ya kwanza, siku ya pili ataipunguza, siku ya tatu ataona aibu na kuiacha yote. Na asiipangie saa ya ukutani, kwa sababu kambini mambo hayaendi kwa saa ya ukutani. Aifunge kwenye jambo ambalo lazima litokee. Asubuhi: ukishafunga kamba za viatu, kabla ya kuwasha simu na kabla ya kugusa mzigo. Jioni: ukishakula, kabla ya kuingia kwenye begi la kulalia. Hapo pa jioni ndipo panapoharibika zaidi. Mtu anasema nitaomba nikiwa nimelala. Mwili uliobeba kilo 20 kutwa nzima, ukipata joto, haufiki hata "jina lako litukuzwe". Omba umekaa, au simama nje ya hema hata kwa dakika tano tu.

Cha kusoma: Zaburi 120 hadi 134. Ni zaburi 15, na katika Biblia zetu zina kichwa "Wimbo wa kupanda mlima". Waisraeli wanaaminika kuziimba wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Karibu zote ni fupi, aya tatu hadi tisa. Ndefu ni ya 132 peke yake, yenye aya 18. Soma moja asubuhi na moja jioni. Safari ya siku saba itakula 14, na ya 134, yenye aya tatu, unaisoma ukishafika nyumbani. Soma kwa sauti ya chini, midomo ikitembea. Macho yaliyochoka yanapita juu ya maneno bila kuyashika, lakini sikio likisikia, akili inafuata. Na ukifika 121 usiishie aya ya kwanza kama wengi wanavyoishia. Aya ya kwanza inaitazama milima na kuuliza msaada utatoka wapi. Jibu liko aya ya pili: kwa BWANA, aliyezifanya mbingu na nchi.

Safari inayofuata, badilisha. Waefeso ina sura sita, inatosha njia ya siku sita, sura moja kwa siku. Yakobo ina tano. Wafilipi ina nne, inafaa kwa dereva wa safari fupi. Sishauri mtu aanze Mwanzo akiwa mlimani kwa nia ya kumaliza Biblia nzima. Hiyo ina sura 1,189, na kwa mwaka ni sura tatu kila siku na tano Jumapili. Ni kazi njema ya kuifanya Aprili na Mei, mvua za masika zikinyesha na kazi zimepungua.

Sasa, kusoma si kuomba, na wengi wanakwama hapo katikati. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, Peter, aliyetaka kujua namna ya kusali. Hakumpa sala ndefu ya kukariri. Alimwonyesha kuchukua neno moja la Mungu na kulipitia mara nne: linanifundisha nini, linanipa sababu gani ya kushukuru, linanionyesha kosa gani la kuungama, na linaniongoza kuomba nini. Chukua 121:3, "asiuache mguu wako usogezwe". Fundisho: anayelinda hatua zangu ni Mungu. Shukrani: leo tumevuka ukuta wa Barranco wote wazima. Ungamo: nimemkaripia mgeni kijana kwa sababu anatembea polepole. Ombi: walinde wanaobeba mizigo kesho. Hiyo ni sala kamili, na haikuzidi dakika nne. Peter alikuwa mtu wa wembe na mkasi, siyo mtawa. Utaratibu huu ulitolewa kwa mtu wa kazi za mikono.

Jambo dogo la vitendo: usiitegemee simu. Baridi ya juu inaua betri. Beba Agano Jipya dogo lenye Zaburi ndani ya mfuko wa plastiki, au nakili zaburi mbili kwa mkono kwenye karatasi ngumu. Kunakili kwa mkono peke yake ni nusu ya kukariri.

---

Katekista wa Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo.

Naunga mkono ya Mwinjilisti, nami niongeze kwa Wakatoliki, maana utaratibu wa saa tunao tayari na tunauacha bure. Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Haichukui dakika tatu. Ile ya saa 6 mchana ndiyo ya thamani kwa mgumu, kwa sababu inaikata siku katikati ya kazi, mzigo ukiwa bado kichwani. Danieli naye aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi nyingi.

Rozari mlimani: usijilazimishe makumi yote matano kwa mkupuo. Sali kumi moja kila unapopumzika, ukifika kambini umemaliza. Jumatatu na Jumamosi matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Jumapili ya utukufu, Alhamisi ya mwanga. Penye mwinuko mkali usisali kwa sauti. Pumzi yako ni ya kupandia. Sali kimya kwa mwendo wa hatua.

Kuhusu Misa. Wengi hawajui kwamba Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Jumapili. Kwa hiyo anayeingia getini Jumapili asubuhi, jioni ya Jumamosi awe parokiani. Aliye mlimani na hawezi kabisa kufika hana dhambi kwa hilo, ila Kanisa linamhimiza siku hiyo asali na kulisikiliza Neno, peke yake au na wenzake. Kwa vitendo: Jumapili ya mlimani soma Injili ya siku hiyo, uliyoinakili kabla ya kupanda, sali Nasadiki, ombea watu watano kwa majina, sali Baba Yetu, kisha omba kwa moyo kumpokea Bwana kiroho. Mkiwa wawili watatu, bora zaidi. Na mwanzoni mwa msimu nenda kamweleze paroko ratiba yako. Paroko asiyejua uko wapi atadhani umeacha, na wewe utaanza kumkwepa.

---

Nesi Arusha

Nijibu la kufunga, maana hapa watu wanaumia.

Mlimani usifunge. Sisemi kwa kudharau kufunga. Nasema kwa sababu huko juu mwili unapoteza maji kwa kupumua haraka, hamu ya kula inashuka yenyewe, na mtu aliyefunga anaumwa kichwa, anapata kichefuchefu na kulegea. Hizo ndizo dalili za kuzidiwa na mwinuko. Utashindwa kujua ni njaa au ni ugonjwa, na kiongozi wako atashindwa pia. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu, karibu mita 4,700, kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni usiku wa kula na kunywa. Katika Kutoka na Injili utaona watu wakifunga, lakini katika 1 Wafalme 19 malaika anamwamsha Elia mara mbili na kumwambia ale, "maana safari hii ni kubwa mno kwako". Huo nao ni utii.

Nikiwa hapo hapo: mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akipumua kwa shida hata akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Kumwombea na kumshusha vinakwenda pamoja. Kukaa hemani mnamwombea hadi asubuhi ni hatari ya kifo.

Funga ukiwa chini, na angalau siku mbili kabla ya kupanda tena uwe umerudi kwenye chakula cha kawaida. Asiyezoea aanze hivi: acha chai ya asubuhi na chakula cha mchana, fungua saa 9 alasiri. Maji kunywa kama kawaida. Mara nyingi kichwa kinachouma kwenye mfungo kinatokana na kukosa maji na kukosa chai au kahawa iliyozoeleka. Punguza chai siku mbili tatu kabla. Fungua kwa kitu laini: uji, mtori, ndizi zilizopikwa. Usifungue kwa nyama choma, tumbo litakusumbua usiku mzima na sala ya jioni itapotea.

Wasiofunga chakula bila kuongea na daktari: mwenye kisukari, hasa anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye dawa za kumeza na chakula. Hao wafunge kitu kingine, mfano simu kuanzia saa 12 jioni. Hata Kanisa Katoliki, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, linawabana wenye miaka 18 hadi 59 tu, na wagonjwa wamesamehewa.

Saa ile ambayo ungekula, uitumie kuomba. Na pesa ya chakula kile mpe mwenye njaa. Isaya 58 iko wazi kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni pamoja na kumegea mkate wenye njaa. Bila hayo mawili, umeshinda njaa tu.

---

Mzee wa Kanisa, Sakina

Shalom wapendwa. Yaliyosemwa ni mazuri sana. Mimi niligusie hili la moyo kukauka, kwa sababu mtu anaweza kufanya yote hapo juu na bado akahisi sala yake inagonga bati na kurudi.

Kwanza atofautishe vyanzo, kwa sababu dawa zake si moja.

Kuna ukavu wa uchovu. Elia huyo aliyetajwa na Nesi alikuwa ametoka kushinda Karmeli, siku chache baadaye anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, usingizi tena, mkate tena, na baada ya safari ya siku arobaini ndipo akazungumza naye Horebu. Aliyeshuka Mweka leo asiipime hali yake ya kiroho jioni hiyo hiyo. Alale, ale, apime kesho kutwa.

Kuna ukavu wa jambo lisilosuluhishwa, na hapa nitasema wazi kwa sababu ya kazi yenyewe. Tipu. Kiongozi anayepokea bahasha ya mgeni Mweka na kuwagawia wapagazi pungufu ya walichokusudiwa, halafu anashangaa maombi hayana nguvu, asome Yakobo 5:4: ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na Bwana anazisikia kelele hizo. Kesha la usiku kucha haliwezi kufunika sauti hiyo. Mathayo 5:23-24 inasema iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Njia yake ni fupi ingawa ni chungu: piga hesabu ya ulichomkata kila mtu, mrudishie, mwambie "nilikudhulumu, nisamehe" bila kuongeza "lakini". Kama huwezi kumaliza yote leo, anza na sehemu na mpe tarehe ya iliyobaki. Mpagazi aliyedhulumiwa naye ana kazi yake: akadai haki yake kwa kiongozi, na asiposikilizwa aende kwa kampuni, lakini asilale na chuki kila usiku akidhani ni sala. Petro anawaambia waume wakae vizuri na wake zao ili kuomba kwao kusizuiliwe (1 Petro 3:7). Uhusiano ulioharibika nyumbani huziba sala, na wanaokaa mbali na nyumbani siku saba saba wanalijua hilo.

Kuna ukavu wa ugonjwa. Ukikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kila kitu kwa wiki mbili mfululizo, au ukawaza kufa, nenda hospitali: KCMC, Mawenzi, Mount Meru, popote palipo karibu. Na usiache kumwambia mchungaji. Mtu wa namna hii asipewe mfungo wa siku tatu kama tiba. Wanaompa wanamzidishia mzigo.

Halafu kuna ukavu usio na sababu unayoiona. Huo Biblia inaujua. Zaburi 13 ina aya sita: mbili za kulalamika, ambamo "hata lini" imerudiwa mara nne, mbili za kuomba, mbili za kutumaini. Iombe hivyo hivyo kwa mpangilio wake, usirukie mbili za mwisho. Zaburi 88 haimaliziki na furaha kabisa, neno lake la mwisho ni giza, na bado ni sala, bado imo kwenye Biblia. Kwa hiyo aliyekauka asiache saa yake ya sala kwa hoja kwamba hahisi kitu na kuendelea ni unafiki. Mnafiki ni anayejifanya mbele za watu. Aliyekaa mbele za Mungu na moyo mkavu, akamwambia "moyo wangu umekauka", amesema kweli. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea.

---

Mgumu wa Marangu

Mungu awabariki sana wazee wangu. Nimenakili yote.

Yamebaki mawili. Hemani tunalala wengi na wengine ni ndugu zetu Waislamu. Mtu aombeje bila kuleta usumbufu? Na ile siku ya kushuka, mnipe hatua, maana hapo ndipo vijana wengi tunapowapoteza.

---

Mwinjilisti Machame

La hema: usiombe kwa kelele ndani ya hema la watu kumi na tano waliochoka. Toka nje. Yesu alitoka alfajiri akaenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35), na nje ya kambi za mlima nafasi ipo. Usiende mbali wala gizani bila taa. Wenzetu Waislamu wana saa zao na wanazishika hata kwenye baridi. Mkiheshimiana, wao watakuamsha na wewe utawasubiri wamalize swala ndipo mnyanyue mizigo. Sala ya pamoja kabla ya kupanda kileleni, kiongozi akiomba, awaulize wote kwanza, na iwe dakika moja.

La kushuka. Hatari yake inajulikana: una pesa mfukoni, umechoka, mmekusanyika, na baa ziko njiani kuanzia Mweka hadi mjini. Uamuzi wa pale hauwezi kufanywa pale. Kabla ya kupanda, chagua mtu mmoja wa usharika wako, mwambie: nashuka siku fulani, alasiri, nitakupigia mtandao ukirudi, nisipopiga hadi saa 12 jioni, nipigie wewe. Awe mtu atakayepiga kweli. Ukishalipwa, kabla ya kutumia hata shilingi, tenga fungu la kumi na utume kwa simu au uweke kwenye bahasha yako. Kisha tuma ya nyumbani. Inayobaki ndiyo unayotembea nayo.

Nyumbani, oga, kula, soma hiyo Zaburi 134, lala. Kesho yake ulizia jumuiya inakutana lini wiki hiyo na uende hata kama si Jumapili. Baadhi ya sharika za mjini Moshi na Arusha zina ibada za asubuhi siku za kazi pia, waliokosa Jumapili waingie hizo. Ukiwa na usiku mmoja tu kabla ya kupanda tena, acha mengine, nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako muombe pamoja dakika kumi.

---

Katekista wa Kibosho

Kwa Mkatoliki mwenye usiku mmoja, ongeza kuungama kama una jambo. Piga simu parokiani mapema ukiwa bado Mweka, uliza padre yupo saa ngapi. Usisubiri Jumamosi ya foleni, pengine Jumamosi hiyo utakuwa kambi ya Shira.

---

Mama wa Kijenge

Na sisi tuliobaki nyumbani tuwe tunajua wako zaburi ya ngapi. Siku ya kwanza 120 na 121, ya pili 122 na 123, hivyo hivyo. Mke na watoto wasome hiyo hiyo jioni ile ile saa 2 usiku. Mume wangu akipanda, karatasi tunaibandika mlangoni.